Pachi za jeshi: jinsi ya kuzitunza na kuzitundika bila kuziua

Mpwa wangu wa Tanga alinipigia simu mwezi uliopita, kwao saa nne usiku, huku Texas saa nane mchana ndo natoka zamu. Shikamoo mjomba, marahaba, mama hajambo, na hapo hapo akaingia kwenye shida yake: wamefungua sanduku la marehemu bibi wamekuta ile beji ya kitambaa ya babu yetu, ile ya kichwa cha kifaru aliyorudi nayo kutoka vitani Burma, "sasa mjomba nimewaza kesho niipeleke steshenari wakailaminishe ili isichakae."

Aisee. Nikamwambia usiiguse, iache hapo hapo ilipo, nakupigia.

Afu nikaona ngoja niandike yote kabisa, maana si yeye peke yake, kila mgeni akiingia sebuleni kwangu swali la kwanza ni hizi unazibandika na nini. Mi nakusanya pachi za jeshi la Marekani, yani zile beji za kitambaa askari anazovaa begani, nilianza miaka kumi na kitu iliyopita kwa sababu naishi Killeen, mlangoni kabisa mwa kambi ya jeshi ya Fort Hood, na huku ukienda kwenye magulio ya Jumamosi unazikuta zimejazwa kwenye makopo ya kahawa, dola moja, dola mbili. Kuzipata rahisi. Kuziharibu rahisi zaidi, na hilo nalijua vizuri: kumi na mbili za kwanza nilizibandika kwenye ubao wa felti kwa gundi ya moto, zikapendeza wiki mbili, siku nataka kubadilisha mpangilio zikabanduka na nyuzi zake, moja ikachanika katikati. Tangu siku hiyo nina sheria moja tu na haya yote yanatoka humo: usiifanyie pachi kitu ambacho kesho huwezi kukitengua. Gundi haitenguki, lamineshen haitenguki, kufua ndo kabisa. Uzi unatenguka, mfuko unatenguka, fremu iliyotengenezwa vizuri inatenguka.

Kabla ya hatua yoyote: uko nchi gani?

Huku Marekani raia kuwa na pachi za jeshi hakuna anayekuuliza, zinauzwa hadi kwenye vibanda vya mafuta. Nyumbani sivyo. Mnakumbuka Agosti 2023 JWTZ walivyotoa siku saba watu wasalimishe sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na watu walikuwa na jaketi tu za mtumba za mabakamabaka. Kenya na Uganda nako sare mikononi mwa raia ni kesi. Kwa hiyo kama uko huko, pachi za majeshi ya sasa ya nchi zetu achana nazo kabisa hata ukipewa bure, na za nje usizishone kwenye koti ukatoka nalo mtaani ukadhani ni fasheni. Kitu cha marehemu babu cha vita vya zamani ni kumbukumbu ya familia, ila nacho hakivaliwi, kinakaa ndani pamoja na karatasi zake za kuachishwa jeshi kama zipo, na kama una wasiwasi nenda kaulize kabla hujaulizwa.

Hatua ya 1: jua umeshika nini

Watu wengi wanaruka hapa wanakimbilia fremu. Usiruke, maana pachi ya sufu na pachi ya polista haziumwi ugonjwa mmoja.

Wamarekani walianza kuvaa hizi begani mwaka 1918. Kikosi cha kwanza kilikuwa Divisheni ya 81, walishona paka pori begani, jina wakalitoa kwenye kijito cha Wildcat kilichopo karibu na kambi yao huko South Carolina, wenzao Ufaransa wakawaonea gere na makao makuu mwishowe yakaruhusu kila divisheni iwe na yake. Za wakati huo mara nyingi ni felti ya sufu iliyokatwa kwa mkono na kushonwa juu ya sufu nyingine. Ukiikuta ya Divisheni ya 93, ile ya kofia ya chuma ya bluu ya Kifaransa, ishike kwa mikono miwili: hao ni wanajeshi weusi ambao jeshi lao lenyewe liliwatoa wakapigane chini ya Wafaransa, ndo maana begani wana kofia ya Kifaransa.

Za Vita vya Pili nyingi ni pamba, zimetariziwa kwa mashine, na ukingo wake umekatwa tu, hauna ule mshono mnene wa kuzunguka. Huo mshono mnene kama kamba pembeni umeenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60, kwa hiyo ukiuziwa "pachi ya 1944" yenye ukingo wa hivo, cheka kidogo halafu rudisha mezani. Kuanzia miaka ya 70 polista inatawala, na nyingi mgongoni zina utando wa plastiki. Za kuanzia 2005 hivi, walipoleta sare mpya ya ACU, nyuma zina velkro. Afu kuna zile za nyuzi za fedha na dhahabu, nzito, zinang'aa, hizo ni mayai.

Kuna tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti feki, wakusanyaji tunaitumia: nyuzi za kisasa zinang'aa gizani, pamba ya zamani haing'ai. Ila isikudanganye, pachi ya zamani kweli ikishafuliwa na sabuni ya unga ya siku hizi nayo inang'aa, maana sabuni zina dawa ya kufanya nguo nyeupe ing'ae. Nilishamkatalia mzee mmoja pachi yake halali kwa kosa hilo hilo, mke wake alikuwa anafua sare kila Jumapili.

Na ukikuta pachi bado imeshonwa kwenye koti, USIITOE. Koti lenye jina la mtu, cheo na pachi pande zote mbili linakusimulia maisha: kwa Wamarekani bega la kushoto ni kikosi alichopo sasa, la kulia ni kikosi alichoenda nacho vitani. Ukiitoa umebaki na koti tupu na kitambaa kisicho na mwenyewe. Zile zilizokwishatolewa, vipande vya uzi vilivyobaki mgongoni viache humo humo, ndo ushahidi kwamba ilivaliwa.

Hatua ya 2: vumbi litoke, maji yasiingie

Usifue. Najua inauma, unaona doa unataka kuligusa na sabuni kidogo. Nyekundu za zamani zinachuja rangi, na nyekundu ikishaingia kwenye nyeupe imeingia. Pachi ya Divisheni ya 1, ile ya namba moja nyekundu juu ya kijani, nimeona moja iliyofuliwa, kijani imekuwa kama mchuzi wa kisamvu.

Kinachofanya kazi ni kufyonza vumbi. Chukua mashine ya kufyonzea vumbi, weka nguvu ya chini kabisa, funga kipande cha chandarua mdomoni kwa raba bendi ili isinyonye nyuzi, pitisha juu juu bila kugusa huku unafagia taratibu kwa brashi laini ya rangi ya maji. Mbele na nyuma. Huna mashine, brashi peke yake inatosha, ukiwa nje kwenye kivuli. Mikono iwe imenawa na kukauka, na za nyuzi za fedha vaa glavu, maana jasho la vidole linaacha alama nyeusi ambayo haitoki, na usijaribu kuzing'arisha na dawa ya kusugulia vijiko, utabaki na uzi wa ndani tu.

Kama ina ukungu, itenge na wenzake kwanza, iache ikauke mahali penye hewa, ukungu ukishakuwa unga mkavu ndo uufagie, nje, umevaa barakoa.

Hatua ya 3: friza

Kila pachi ya sufu inayoingia nyumbani kwangu inapita friza kabla haijaonana na nyingine. Nondo na wale wadudu wa mazulia wanataga kwenye sufu, mayai huyaoni, miezi miwili baadaye unafungua boksi unakuta matundu. Hatari kwenye pachi ni funza wake, yule kipepeo mdogo ukimwona anaruka ujue kazi imeshafanyika.

Weka pachi kwenye mfuko wa plastiki wa kuziba, toa hewa, ziba, weka mfuko wa pili juu, ingiza friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili kamili. Ukitoa USIFUNGUE MFUKO. Uache mezani mpaka kesho yake, kwa sababu kitu cha baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoka jasho, na hilo jasho liwe nje ya mfuko na sio kwenye nyuzi. Ya pamba tupu iliyo safi haina haja sana, ya polista haina kabisa, na yenye rangi ya kupaka au ngozi usiiweke.

Mipira ya naftalini hapana, inanuka, sumu, na inayeyusha plastiki za mgongoni. Karafuu sandukuni tumekua nazo wote lakini nondo hafi kwa harufu, na mafuta ya karafuu yanaacha doa la kahawia. Na mama zangu wa pwani, tafadhali, msizifukize udi. Najua kila nguo nzuri hufukizwa, ila ule moshi una utomvu, unaganda kwenye uzi na kuvuta vumbi.

Hatua ya 4: mahali pa kulala

Pachi nyingi zinatakiwa kulala muda mrefu kuliko zinavyoning'inia, kwa hiyo hapa ndo pa kutia hela.

Wengi tunatumia faili la pete na zile karatasi za plastiki zenye mifuko tisa za kuwekea kadi za besiboli. Kila mfuko ni inchi 2 na nusu kwa 3 na nusu, pachi nyingi za divisheni zinaingia. Zisizoingia, tafuta karatasi ya mifuko minne. Halafu kuna 1st Cavalry, ile divisheni ya wapanda farasi, majirani zangu hawa wa Fort Hood, pachi yao ya njano yenye mstari mweusi na kichwa cha farasi ina zaidi ya inchi 5 urefu, haiingii popote. Simulizi ya kikosi chenyewe ni kwamba aliyeichora ni mke wa Kanali Ben Dorcy, kitambaa cha njano alikitoa kwenye bitana ya joho la mume wake, na wakaifanya kubwa makusudi ili ionekane kwenye vumbi la farasi. Sawa, lakini we unayetafuta mfuko wake utamkumbuka huyo mama. Mi zangu nazilaza kwenye boksi bapa.

Muhimu kuliko ukubwa ni plastiki yenyewe. PVC ni adui. Ile plastiki laini inayonukia kama gari jipya, baada ya miaka inatoa mafuta, inanata, na inatoa asidi inayokula uzi. Nilinunua hamsini bei ya kutupa, mwaka wa tatu pachi zikawa zinatoka na mlio wa kunata kama unabandua plasta. Angalia namba ndani ya alama ya pembetatu: 3 ni PVC, iache dukani. 5, 2, 4 na 1 ni salama. Haina namba? Inuse. Ikinuka, basi.

Pachi moja mfuko mmoja, usizibane mbili mgongo kwa mgongo, hasa zenye utando wa plastiki nyuma, zinagandana. Faili lisimame wima na lisijazwe mpaka linavimba. Za sufu na za nyuzi za fedha hazipendi mifuko ya kubana, zilaze kwenye boksi katikati ya karatasi nyororo zisizo na asidi, na kama huzipati, kuna kitu bora kipo madukani kwetu tangu enzi za mababu: amerikani. Ile pamba ya rangi ya maziwa isiyotiwa dawa. Ifue mara mbili kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato, ianike, ipige pasi, una kitambaa cha kufungia kama cha makumbusho. Na kweli hiyo nguo iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani kwa merikebu, leo narudi kufungia humo beji za Wamarekani, nacheka peke yangu.

Usitumie boksi la viatu, gazeti, bahasha za kaki. Zote zina asidi, baada ya muda kitambaa kinakuwa njano na kukauka.

Hatua ya 5: iandike kabla hujasahau

Fupi lakini ukiiruka umepoteza nusu ya mkusanyiko. Piga picha mbele na nyuma kwenye mwanga wa dirishani (sio juani). Ipe namba. Namba usiiandike kwenye pachi, andika kwa PENSELI kwenye kikaratasi kinachokaa nayo mfukoni. Kwenye Excel au daftari weka: namba, kikosi, unadhani ni ya miaka gani na kwanini unadhani hivyo, umeipata wapi, lini, shilingi ngapi, na mwenye nayo alisema nini. Hicho cha mwisho ndo cha thamani. Nina pachi ya Divisheni ya 82, ile ya herufi AA, za hivyo ziko maelfu, ila yangu nilipewa na mama mmoja akaniambia hii mume wangu aliivaa siku ya harusi yetu kwa sababu hakuwa na suti. Bila hiyo sentensi ni pachi ya dola mbili.

Hatua ya 6: kuzitundika

Hapa inategemea ni pachi gani.

Za kisasa zenye velkro nyuma hazina shida, nunua kitambaa cha upande laini wa velkro, kivute juu ya ubao, bandika, bandua, panga upya kila wiki ukitaka. Angalizo moja: ukibandua shika ukingo, usivute kona moja kama unamenya ndizi, zinapinda.

Za zamani usiziweke kabisa kwenye velkro, na usizishonee velkro. Kwa hizo kuna njia mbili nazoziamini.

Ya kwanza ni yale maboksi bapa yenye kioo mbele na pamba laini ndani, unalaza pachi juu ya pamba, unafunika, kioo kinaibana kidogo, umemaliza. Hakuna sindano hakuna kitu. Nzuri kwa pachi ndogo ndogo za pamba na za polista, mbaya kwa za nyuzi za fedha zenye vilima maana kioo kinazikandamiza. Hakikisha huo ujazo laini wa ndani tunaouita pamba ni wa polista.

Ya pili ni fremu yenye kina, na hapa nielekeze vizuri kwa sababu hata mafundi wanakosea. Nilipeleka pachi sita kwa fundi wa fremu, nimemweleza bwana usiweke gundi, akasema nimekuelewa, nilipoifungua baada ya mwaka nikakuta kila moja ina kipande cha selotepu ya pande mbili mgongoni. Tangu hapo nafanya mwenyewe, na jioni moja inatosha.

Pata fremu ambayo kati ya kioo na ubao wa nyuma kuna nafasi, nusu sentimita au zaidi. Kioo kisiguse kitambaa hata kidogo, maana kikigusana nacho na unyevu ukaingia, ukungu unaanzia hapo hapo. Ubao wa nyuma uwe wa kadi isiyo na asidi. Uvike amerikani iliyofuliwa, ivute ikaze, ikunje nyuma na kuishona kwa uzi kutoka upande huu mpaka ule kama unavyofunga kamba za kiatu. Panga pachi juu yake zikiwa zimelala, tembea, rudi, angalia, panga tena. Piga picha ya mpangilio kwa simu maana ukiinua ya kwanza utasahau.

Sasa kushona. Sindano nyembamba kabisa, uzi wa pamba mwembamba, rangi inayofanana na ukingo. Wengi wanadhani uzi uwe imara, hapana, uwe dhaifu kuliko pachi yenyewe, siku fremu ikianguka kitu kikatike, kikatike uzi. Usichome katikati ya tarizi. Pachi iliyowahi kushonwa ina vitundu vyake pembeni, pita humo humo, ndo mlango wake. Pachi ndogo mishono minne mpaka sita ya kulegea inatosha, yani ukiisukuma kwa kidole inacheza kidogo. Ile kubwa ya farasi nampa kumi na mbili kuzunguka, uzito ugawanyike, maana ukimshikilia juu tu baada ya miaka miwili anavimba tumbo chini. Pini nazo ziepuke, na ukilazimika ziwe za chuma kisichoshika kutu. Fremu ya mbao mbichi au iliyopakwa rangi juzi iache ikauke wiki kadhaa kwanza, ile harufu ndo gesi yenyewe inayoenda kukaa na nguo yako ndani ya kioo.

Kuhusu mpangilio, wapo wanaopanga kwa namba ya divisheni, mi naona inachosha, ukuta unakuwa kama kalenda. Napanga kwa safari: wote waliopita Italia pamoja, wote wa Pasifiki pamoja, na naacha nafasi, pachi tisa kwenye fremu ya kumi na mbili zinaonekana vizuri kuliko kumi na tano zilizobanana kama daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya 7: ukuta gani

Mwanga hauponi. Rangi iliyopauka kwa jua haina dawa, na mwanga unajumlishwa, saa moja ya leo inaongezwa kwenye saa zote za nyuma. Makumbusho wanaweka nguo kwenye lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), hiyo ni hafifu mpaka mgeni anadhani umeme mdogo. Nyumbani huwezi kuishi hivyo ila unaweza kuchagua ukuta ambao jua haliufikii kabisa, korido ni nzuri sana, taa za LED, na kioo cha kuzuia miale kama mfuko unaruhusu. Kioo hicho kinapunguza, hakizuii yote, kwa hiyo nazizungusha: fremu inakaa ukutani miezi mitatu minne, inaingia kabatini, nyingine inatoka. Wageni wanadhani nina pachi nyingi kuliko nilizonazo.

Usitundike jikoni, karibu na bafu, juu ya jiko la mkaa, wala mbele ya upepo wa AC.

Kwa walio pwani

Sasa wa Tanga, Dar, Mombasa, Unguja. Adui yenu namba moja ni unyevu. Kitambaa kinataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55, ukipita 65 ukungu unaamka, na nyinyi huko mara nyingi mko juu ya 70 bila hata mvua. Nunua kile kipimo kidogo cha unyevu, bei ya chakula cha watu wawili, ukiweke ndani ya boksi. Boksi liwe lile la plastiki la kuwekea chakula, namba 5, lenye mfuniko wa kubana na raba. Ndani weka vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya vimeandikwa usile, vingi, au nunua chembe zake za rangi ambazo zikishiba unyevu zinabadilika rangi, unazikausha kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa kama mbili unazirudisha. Zisiguse pachi, ziwe kwenye kikopo pembeni. Fungua boksi mara moja kwa mwezi, siku kavu, angalia kama kuna ukungu au mdudu, funga.

Boksi lisikae sakafuni, wala kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala juu ya dari chini ya bati. Kabati la chumba cha katikati ya nyumba.

Na kutundika? Kwa pwani bila AC ushauri wangu hamtaupenda: ya asili msiitundike. Ipige picha nzuri, karibu, mwanga wa kivuli, ichapishwe ukubwa wake halisi au mara mbili yake, hiyo ndo iwekwe kwenye fremu sebuleni.

Hivyo ndivyo tulivyofanya ya babu. Tulipiga simu ya video saa nzima. Mpwa kanawa mikono, kaibeba kwenye kipande cha amerikani bila kuishika pembeni, tukaikagua: pamba, ukingo wa kukatwa, mgongoni nyuzi za kaki bado zimo kwenye pembe tatu. Nikamwambia hizo nyuzi ni babu mwenyewe kazishona, usizing'oe. Kifaru ndo alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, hao keya, yani askari wa King's African Rifles, waliopita bonde la Kabaw na masika ya 1944 mpaka wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin Desemba, na bibi alikuwa akisema babu alirudi anachukia mvua, ikinyesha anaingia ndani anafunga mlango. Hiyo nayo ameiandika kwa penseli kwenye kikaratasi, namba 1, pamoja na jina la bibi aliyeitunza sandukuni miaka yote hiyo ndani ya leso bila kusoma mwongozo wowote.

Sasa hivi iko kwenye boksi, kipimo kinasoma 50. Picha waliichapisha mjini, na mpwa wangu, kwa sababu alikuwa na hamu yake toka mwanzo, akaipeleka steshenari. Wameilaminisha.